Rafiki wa Karibu wa Ukurasa wa Nne: Kumuaga Ntate Malefetsane Phororo

Tarehe 9 Mei mwaka huu gazeti la Moqoqo lilimpoteza Selloane Khiba, aliyekuwa dereva wetu kwa miaka kumi na tisa. Tarehe 16 Mei, ukurasa wa nne, gazeti hilohilo likampoteza mke wa Selloane. Wa kwanza alichukuliwa na moyo uliosimama ghafla wakati akishusha mafungu ya magazeti kule Botshabelo. Wa pili alichukuliwa na mzee wetu, Ntate Malefetsane Phororo, mhariri mkuu wa lugha, ambaye anastaafu tarehe 31 Oktoba baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi uliotukuka, na ambaye jarida hili la wafanyakazi linamuaga kwa heshima zote anazozijua yeye kuliko sisi.

Idara ya utumishi imeniomba nisizidi kurasa mbili, niwe mchangamfu, na nisiguse mambo yanayoleta mvutano kazini. Kuhusu uchangamfu nitajitahidi.

Ntate Phororo alijiunga nasi mwaka 1991 akiwa msahihishaji wa prufu, kijana mwembamba mwenye kalamu nyekundu na kikombe chake mwenyewe cha chai, ambacho mpaka leo hakuna aliyethubutu kukigusa. Miaka hiyo mimi, ambaye leo nasimamia usambazaji, nilikuwa nauza gazeti kwenye taa za barabarani, nikimwona akiingia kazini na tai. Alipanda cheo mwaka 1998, akapanda tena 2006, na tangu hapo hakuna neno lililotoka katika jengo hili bila kupita chini ya miwani yake. Kwa hesabu yangu, tangu 1991 amepitia matoleo zaidi ya elfu moja na mia saba. Katika yote hayo, makosa ya tahajia yaliyomponyoka hayafiki thelathini. Mtu kama huyo hakosei kwa bahati mbaya, na hilo nalisema kama sifa.

Na kuna sifa nyingine nitakayoisema bila mzaha wowote. Mwaka 2011 binti mmoja wa hapa Mangaung aliuawa kwa sababu alipenda wanawake. Magazeti mengine yalimwandika kwa lile neno linalotupwa mitaani, na moja likachapa picha ya mwili. Ntate Phororo alisimama katikati ya chumba cha habari akasema, “Hapa picha hiyo haiingii, na neno hilo halitaandikwa tena nikiwa hai.” Halikuandikwa tena. Siku ile nilimvulia kofia, na kwa jambo lile sijaivaa tena.

Tatizo lilianza alipogundua kwamba ana kipaji.

Baada ya kulifukuza neno baya, Ntate aliona kiti kiko wazi, akaamua kukijaza yeye mwenyewe. Ikaundwa Kamati ya Lugha ya Staha. Wajumbe walikuwa watano, wote wanaume, wote waliofunga ndoa kanisani na wanawake, wote wenye uzoefu mkubwa wa kutokuwa watu wanaozungumziwa. Walikutana Jumanne tatu mfululizo katika chumba cha mikutano cha chini, kwa skonzi na tangawizi, kutafuta namna ya kuwaandika kwa heshima wapenzi wa jinsia moja na wenzao. Nje ya dirisha la chumba hicho ndipo gari la usambazaji linapopakiwa. Jumanne ya pili Selloane, akiwa na fungu la magazeti begani, alisimama dirishani akasikiliza kidogo, kisha akawaambia wazee wale, “Bo-ntate, kama mnatafuta mniite nani, mimi hapa. Niulizeni niende zangu, gari linanisubiri.”

Wajumbe wanne walitazama skonzi zao. Mwenyekiti, Ntate Phororo mwenyewe, akamjibu kama dada yake, kwa upole wake unaojulikana, “Ausi, hili ni suala la kitaalamu.”

“Sawa, Ntate,” akasema Selloane. “Mkimaliza utaalamu mniletee jina langu, nitalitia sahihi kama mzigo.”

Hawakumpelekea kitu. Walileta mwongozo. Nauheshimu mwongozo ule kwa sababu ni maandishi pekee ya ofisi hii yasiyo na kosa hata moja la tahajia. Kwa mujibu wake, watu hao wawe “wenye mtindo tofauti wa maisha”, kana kwamba wamechagua kuishi kwenye mahema. Mtu wa namna hiyo hasemi kwamba ana mwenzake, “anakiri”. Akishinda mbio, akifungua duka au akigongwa na baiskeli, tutaje mtindo wake hata kama baiskeli haikuuliza. Na yule anayeishi naye, hata wakiwa na cheti cha ndoa cha serikali hiihii inayotupa leseni ya kuchapa gazeti, aitwe “rafiki wa karibu”. Sababu iliandikwa pembeni kwa herufi nzuri: ili kulinda faragha yao.

Mwongozo ulifanya kazi vizuri sana, hasa kwa wale ambao haukuwahusu. Disebo, dada yetu msusi wa Phahameng, alipopata tuzo ya ususi ya jimbo, tulimwandika kwa jina la kiume lililokuwa kwenye rejista ya shule yake ya msingi, jina ambalo mtaani hakuna anayelikumbuka isipokuwa rejista. Ntate alisema ni kwa ajili ya usahihi. Disebo alipiga simu ofisini, simu ikapitia kwangu. “Abuti Tankiso, kaka yangu,” akaniambia, “hongera nyingi kwa huyo mliyemwandika. Simjui. Nywele za nani amesuka?” Nilipeleka swali juu. Halikujibiwa. Hapa wasomaji vijana wa jarida hili wafahamu kwamba cheti cha kuzaliwa cha Ntate Phororo kinasema Petrus, jina alilopewa na karani wa enzi zile aliyeshindwa kutamka Malefetsane. Alilitupa mwaka 1994. Tarishi mmoja aliyemwita Petrus kwenye ngazi alikaa mwezi mzima bila kusalimiwa. Hakuna aliyemwambia Ntate kwamba rejista ndiyo usahihi. Tulimwita kama alivyotaka kuitwa, na gazeti halikuanguka.

Nije kwa Selloane, maana kumuaga Ntate bila kumtaja ni kama kumsifu mpishi bila kutaja chakula.

Mwaka 2014 Selloane alifunga ndoa na Nthatisi Ramakau. Wengi wetu tulikuwepo mtaani kwao Rocklands siku ile. Mama yake Selloane, Mme MaSelloane, ambaye kabla ya hapo alikuwa amenuna miaka miwili, alinyanyuka mbele ya ukoo mzima wa Khiba akasema, “Nimenuna vya kutosha, uso unaniuma. Chinjeni kondoo.” Kondoo akachinjwa, Nthatisi akafunikwa blanketi la wakwe, akapewa jina la nyumba ile kama anavyopewa kila bibi harusi wa Kisotho. Wakamwita MaKeneuwe, mama wa Nimepewa. Tangu hapo, kwa mtaa mzima, kuanzia mchungaji mpaka muuza mboga, alikuwa MaKeneuwe Khiba. Suala la aitwe nani lilikuwa limekwisha. Halikuhitaji kamati.

Selloane alipofariki, Mme MaSelloane alimwondolea mkwewe MaKeneuwe vitu vyote chumbani, akatandika godoro chini, akamkalisha juu yake kama mjane anavyokalishwa. Wanawake wa ukoo wakakaa naye siku kwa siku. Hapa kwetu hakuna tamko kubwa kuliko godoro lile. Aliyekalishwa pale hahitaji kueleza ni nani wa marehemu.

Mimi niliandika tanzia, kwa kuwa alikuwa dereva wangu. Mimi si mmoja wao, nina mke na mabinti watatu, na sikujua neno gani lingemfariji mjane na lipi lingemuumiza. Kwa hiyo nikampigia MaKeneuwe simu, nikamuuliza niandike nini. Sauti ilikuwa imekauka kwa kulia. Akasema, “Andika kama wanavyoniita hapa nyumbani, abuti. Mke wake. Nisiwe kitu kingine leo.” Nikaandika: ameacha mama mzazi na mke, MaKeneuwe Khiba.

Ijumaa gazeti likatoka. Lilisema marehemu ameacha mama mzazi na rafiki wa karibu, Nthatisi Ramakau.

Kazi nzuri. Imesahihishwa kwa kalamu nyekundu, nafasi haikuzidi, mstari haukuning'inia.

Sasa, siku ileile alifika kutoka Qwaqwa Ntate Rapitso Khiba, baba mdogo wa marehemu, ambaye kwa sasa ndiye mkubwa wa wanaume wa ukoo. Huyu alikuwa amekula arusi akiwa amefunga mdomo kwa kila kitu isipokuwa nyama. Njiani alinunua Moqoqo kwa wakala wangu. Nakala hiyo iliuzwa, kwa hiyo katika takwimu zangu inahesabika kama mafanikio. Aliingia mpaka mlango wa chumba cha godoro, akavaa miwani, akasoma mbele ya wanawake wote.

“Mimi simfukuzi mtu,” akasema. “Nasoma tu. Gazeti la marehemu mwenyewe, alilolibeba mgongoni miaka yote, linasema rafiki. Rafiki hukaa kwenye kiti, uani, pamoja na wageni wengine.”

Mme MaSelloane akamwambia, “Rapitso, kondoo wa arusi ulimla, na ukaomba nyama ya kufungiwa.”

“Nyama nilikula, shemeji. Na kusoma najua.”

Wanawake wakaanza kupaza sauti. Jeneza lilikuwa linatarajiwa saa yoyote. Mme MaSelloane alikuwa na miaka sabini na sita na shinikizo la damu. MaKeneuwe akaona kwamba ugomvi utamkuta Selloane mlangoni, akanyanyuka mwenyewe, akakunja blanketi, akaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki uani. Kesho yake makaburini, mahali ambapo mjane ndiye hutupa udongo wa kwanza, alitupa baba mdogo. MaKeneuwe alikuwa wa tisa. Niliwahesabu, kwa sababu nilikuwa wa kumi.

Wiki iliyofuata nilimleta ofisini kwa Ntate Phororo. Alikuwa amevaa nguo nyeusi za msiba, alizoshonewa na mkwewe, ambaye hakuuliza gazeti. Ntate alimpokea vizuri. Alisimama, akamvutia kiti, akampa pole, akamwagizia chai. Sitaki mtu aseme hana adabu. Adabu ndiyo iliyotufikisha pale.

“Mme,” akasema, “nilitaka kukulinda.”

“Na nani, Ntate?”

“Na wasomaji. Watu wana maneno.”

“Watu wa mtaani kwetu walikula arusi yangu. Waliobaki na maneno walikuwa kimya, mpaka wewe ulipowapa la kusema.”

Ntate akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. “Lakini rafiki ni neno zuri, Mme. Hata mimi na mke wangu ni marafiki.”

“Basi siku yako ikifika, nao waandike hivyo,” akasema MaKeneuwe.

“Halafu ilikuwa siku ya kufunga kurasa. Hapakuwa na muda wa kukutafuta.”

“Nilikuwa nimekaa chini sakafuni, Ntate. Siku hizo mtu hatoki. Nilikuwa napatikana kuliko siku zote za maisha yangu.”

Akaomba kitu kimoja: masahihisho. Ntate akaeleza, kwa masikitiko ya kweli, kwamba kwa kanuni aliyoiandika mwenyewe, gazeti husahihisha ukweli uliokosewa na halisahihishi maneno ya staha. Rafiki lilikuwa neno la staha. Kwa hiyo hakukuwa na kosa. Kwa hiyo hakuna cha kusahihisha. MaKeneuwe aliifikiria hoja ile mpaka mwisho wake, akamshukuru kwa chai, akatoka. Kwenye ngazi akaniambia, “Afadhali wangenitukana. Tusi lingekuwa na mtu wa kulijibu.”

Nimeomba tena mara nne tangu wakati huo, na nimepata majibu manne yenye sarufi nzuri. Rocklands hawakuandika barua. Kule tulikuwa tunauza wastani wa nakala mia sita na arobaini kwa wiki. Wiki iliyopita tumeuza mia nne na kumi na moja. Ntate anasema ni msimu.

Kuhusu maisha ya nyumbani ya mstaafu wetu, jarida hili limetii ushauri wa MaKeneuwe na mwongozo wa kamati, neno kwa neno. Ntate Phororo anaishi Bloemside na rafiki yake wa karibu, Mme Phororo. Wamekuwa na mtindo huo wa maisha tangu 1987. Hajawahi kuficha hali yake. Katika sherehe ya Krismasi ya wafanyakazi alikiri hadharani kwamba anampenda. Watoto wanne wanatajwa kuhusiana na urafiki huo. Majirani wanasema ni watu wa kawaida kabisa na hawajawahi kumsumbua mtu. Hatutaandika zaidi, ili kulinda faragha yao.

Namwomba radhi Mme Phororo, mwanamke mwema aliyetupikia mara nyingi, na ambaye hakuna siku katika miaka thelathini na minane amekuwa rafiki wa mtu huyu tu. Kama ameisoma aya hiyo na ikamuuma, basi ajue ni aya moja, katika jarida la wafanyakazi mia moja na ishirini, na hakuna atakayemnyanyua kutoka mahali pake kwa sababu ya aya hiyo.

Mafanikio mengine ya Ntate ni mengi. Amefundisha wahariri kumi na mmoja, sita kati yao sasa wanasahihisha magazeti makubwa kuliko letu. Alikataa mara mbili zawadi za wanasiasa, mara moja akiwa anaihitaji. Alimfundisha Selloane mwenyewe kusoma ramani za Thaba Nchu alipoanza kazi, akampa kofia yake ya sufu baridi ilipozidi, na kwenye mazishi alilia nikamwona. Ndiyo maana naandika kurasa hizi badala ya kumchangia saa ya ukutani na kunyamaza. Mtu asiyejali ungemwacha aende.

Jambo lililobaki ni hili. Jumamosi tarehe 8 Novemba MaKeneuwe anatakiwa kuvuliwa nguo nyeusi. Mwenye kusimamia ni mkubwa wa wanaume wa ukoo, na mkubwa ni Ntate Rapitso, ambaye ametuma ujumbe kwamba ukoo wa Khiba haumvui rafiki nguo za msiba. Rafiki azivue mwenyewe aende kwao. Akizivua mwenyewe, kwa desturi yetu ametoka katika nyumba ile. Jina linabaki mlangoni. Mme MaSelloane ameshasema hatakubali, lakini amesema pia kwamba hana nguvu ya kupigana na karatasi. Jumapili iliyopita nilikwenda kumwona. Alikuwa anamenya maboga na MaKeneuwe, kila mmoja na kisu chake. Hakunyanyua macho. “Rapitso anasema anajua kusoma,” akaniambia. “Mpeni cha kusoma.”

Maneno yenyewe wameyaandika wawili hao, mezani pale, na sisi hatuna haja ya kuyapendezesha: “Katika toleo la tarehe 16 Mei tulimwita MaKeneuwe Khiba rafiki wa marehemu Selloane Khiba. Alikuwa mke wake. Ni mjane wake. Tunaomba radhi.” Ni maneno ishirini na mawili. Mhariri mtendaji amesema hana pingamizi, lakini kwa kanuni masahihisho hayachapwi bila sahihi ya mhariri mkuu wa lugha, na kiti hicho kitakaa kitupu kuanzia tarehe 1 Novemba mpaka Februari, bajeti itakaporuhusu. Toleo la tarehe 31 Oktoba ni la mwisho la Ntate Phororo. Ni la mwisho pia kwa MaKeneuwe.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Ntate, tunakushukuru kwa miaka thelathini na minne, na tunakuombea afya, wajukuu wenye kelele, na mipichi ya Bloemside inayozaa kila mwaka. Ijumaa tutakula, tutaimba, na mimi nitaimba kwa sauti kama wengine.

Lakini kabla ya hapo, kurasa zinafungwa Jumatano tarehe 29 saa kumi alasiri, na mstari wa kwanza wa ukurasa wa nne nimeuwekea nafasi. Je, utatia sahihi? Usinijibu kwa kanuni, wala usiseme utalifikiria au utashauriana, maana una neno moja tu la kuchagua kati ya mawili, na yote mawili yana heshima kuliko kimya. Nijibu ndiyo au hapana kabla ya saa kumi, ili nimpelekee MaKeneuwe jibu lako kama lilivyo.

Tankiso Lesenyeho
Mkuu wa Usambazaji